Tiba ya Sumaku kwa Wagonjwa wa Akili: Usalama Wake U Wapi?

Ndugu msomaji, barua moja kutoka Ruangwa imetufanya tuiweke kando mada tuliyokuwa tumeiandaa kwa Jumapili hii. Aliyeiandika ni mkulima wa korosho na ufuta. Anaeleza kwamba mdogo wake, kijana wa miaka 24, alianza kuugua mwaka juzi. Kwanza alijitenga na wenziwe, kisha akawa akizungumza peke yake usiku, na hatimaye akaanza kusikia sauti za watu wasioonekana zikimwamrisha kufanya hili na lile. Amekwisha kupelekwa kwa waganga wawili. Alipewa dawa za hospitali, akazitumia miezi mitatu, akaziacha kwa sababu zilimfanya asinzie na mikono imtetemeke. Siku moja, alipozidiwa, jamaa zake walimfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba hata kulipopambazuka.

Sasa ndugu yao mmoja, mfanyakazi wa kiwandani Dar es Salaam, amewapigia simu na kuwaeleza kwamba huko duniani imepatikana mashine ya sumaku inayowekwa kichwani, nayo huponya wagonjwa wa akili bila kidonge wala sindano. Wazee wa ukoo wamekaa kikao, wakakubaliana kuuza ekari mbili za mikorosho ili mgonjwa apelekwe popote mashine hiyo itakapopatikana. Swali la barua ni fupi: je, mashine hiyo ni salama, au itammaliza kabisa?

Swali hili si la familia hiyo peke yake. Wengi wenu mnaousoma ukurasa huu mnafanya kazi mijini, lakini wazazi na wadogo zenu wako Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Masasi. Mgonjwa anapozidiwa kijijini, simu hupigwa mjini, na yule mwenye mshahara ndiye anayetazamiwa atoe fedha na atoe uamuzi pia. Fedha aweza kukopa kazini. Uamuzi hakopeshwi na mtu. Kwa hiyo yafaa aijue habari yenyewe kabla hajaipeleka kwa wazee kama jambo lililokwisha kuthibitika.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Kanuni ya mashine hii si ngeni. Mwaka 1831 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika nguvu yake huzusha mkondo wa umeme katika waya ulio karibu nayo, hata kama havigusani. Kanuni hiyo ndiyo iendeshayo jenereta, na ndiyo iliyomo ndani ya transfoma mnazoziona zimening'inia juu ya nguzo za umeme mitaani. Ubongo wa binadamu nao hufanya kazi kwa umeme mdogo sana upitao katika mishipa ya fahamu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield, Uingereza, waliunganisha mambo hayo mawili. Walitengeneza mzingo wa waya, wakauweka juu ya kichwa cha mtu mzima wa afya, mahali penye sehemu ya ubongo iongozayo mkono, wakapitisha umeme mwingi kwa muda mfupi sana. Vidole vya mtu yule vikatikisika bila yeye kukusudia, wala hakusikia maumivu ya kutajika.

Mashine zitumikazo leo zimetokana na chombo kile. Mzingo wake aghalabu huwa na umbo la tarakimu 8, ili nguvu ikusanyike mahali pamoja. Kila pigo la sumaku halidumu hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu yake hukaribia ile ya mashine kubwa za MRI za kupigia picha za ndani ya mwili, ila hii hulenga eneo dogo tu, nayo huingia ubongoni kiasi cha sentimita 2 au 3. Haina mionzi kama ile ya eksirei.

Mgonjwa huketi kitini akiwa macho, hapigwi nusukaputi, wala halazwi. Husikia mlio wa ta-ta-ta mfano wa kigong'ota agongaye mti, na ngozi ya kichwa humchezacheza. Kikao kimoja huchukua dakika 20 hadi 40, siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma manne hadi sita. Iko njia mpya zaidi ambayo kikao chake huchukua dakika tatu tu. Uchunguzi uliofanywa Kanada kwa wagonjwa 414 na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba matokeo ya njia hiyo fupi hayakuwa duni kuliko ya ile ndefu.

Ni lazima tutenganishe tiba hii na ile ambayo wazee wetu huiita ya shoti ya umeme. Tiba ya umeme ilianza mjini Roma mwaka 1938, ikibuniwa na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Shabaha yake ni kumtia mgonjwa degedege kwa makusudi, na ndiyo maana siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli kabla haijaanza. Tiba hiyo bado inatumika duniani na imewaokoa wengi waliokuwa hatarini, ingawa aghalabu huvuruga kumbukumbu kwa muda. Tiba ya sumaku kwa upande wake haikusudii degedege. Degedege ikitokea ni ajali. Wala haijulikani kwa kupoteza kumbukumbu. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba sumaku hufuta akili anazichanganya tiba mbili zilizo mbalimbali.

Hesabu ya hatari

Tuje sasa kwenye usalama wenyewe. Madhara ya kawaida ni madogo: kichwa kuuma, ngozi ya kichwa kuuma mahali penye mzingo, na misuli ya uso kuchezacheza. Wengi huyapata katika juma la kwanza, kisha hupungua. Wengine huzimia kwa hofu, kama wafanyavyo watu wengine wanapoiona sindano. Mlio wa mashine waweza kudhuru masikio, kwa hiyo mgonjwa na mhudumu wote hawana budi kuziba masikio yao kwa vizibo maalumu. Kwa wagonjwa ambao huzuni zao hupokezana na vipindi vya furaha iliyopita kiasi, mara chache tiba hii imepata kuwarusha kutoka huzuni hadi kwenye wazimu wa furaha, na kwa sababu hiyo daktari hupaswa kuwaangalia kwa makini.

Hatari kubwa ni moja, nayo ni degedege. Miaka michache baada ya mashine kubuniwa, watafiti walipokuwa wakijaribu mapigo ya kasi na ya nguvu zaidi, watu kadhaa walipatwa na degedege, na miongoni mwao walikuwamo wazima waliojitolea tu kufanyiwa majaribio. Wataalamu hawakulifunika jambo hilo. Walikutana Marekani mwezi Juni 1996, wakapima ni kasi gani na nguvu gani isivukwe, na ni watu gani wasiwekewe mashine. Kanuni hizo zilichapishwa mwaka 1998, zikarekebishwa mwaka 2009, na tena mwaka 2021.

Faida ya kanuni hizo yaonekana katika hesabu. Wataalamu waliwauliza wenye maabara na kliniki kuhusu kazi yao ya mwaka 2012 hadi 2016. Katika vikao zaidi ya 318,000 vilivyoelezwa, degedege zilizotokea zilikuwa 24, yaani pungufu ya moja kwa kila vikao 10,000. Na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao tangu awali walikuwa na sababu zinazojulikana za kupatwa na degedege. Degedege ya namna hii aghalabu hutokea palepale kitini, hukoma yenyewe, na hakuna ushahidi kwamba humwachia mtu ugonjwa wa kifafa. Pamoja na hayo, mgonjwa anayepatwa nayo mahali pasipo na mtu ajuaye la kufanya aweza kuanguka, kuumia au kupaliwa. Mashine ileile yaweza basi kuwa salama mbele ya muuguzi aliyefunzwa, na kuwa hatari mbele ya mfanyabiashara.

Kwa kuzingatia ushahidi wa namna hiyo, serikali ya Marekani iliruhusu mashine hii mwezi Oktoba 2008 kwa wagonjwa wa huzuni kuu, ile ambayo madaktari wetu huiita sonona, waliokwisha kujaribu dawa bila mafanikio. Mwaka 2018 iliruhusiwa pia kwa wale wanaotawaliwa na mawazo wasiyoweza kuyafukuza na vitendo wasivyoweza kuvizuia, kama kunawa mikono mara mia kwa siku. Nchini Uingereza, taasisi inayoishauri serikali juu ya matibabu ilitamka mwezi Desemba 2015 kwamba haikuona hatari kubwa katika kuitumia kwa sonona, ingawa nafuu yake hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Katika taarifa za kliniki, kiasi cha nusu ya wagonjwa wa sonona hupata nafuu ya kuonekana, na kiasi cha theluthi huondokewa na dalili. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyekata tamaa. Lakini ndugu msomaji utaona kwamba wako wengi pia wanaomaliza majuma sita bila kupona.

Maswali yanayoulizwa, na majibu yetu

Hesabu hizi zimepatikana kwa watu waliokwisha kuchujwa. Kabla hajaketi kitini, mgonjwa huulizwa maswali. Umewahi kupatwa na kifafa au degedege? Umewahi kuumia kichwani ukapoteza fahamu? Una chuma chochote ndani ya kichwa? Una kifaa cha kusaidia moyo au masikio kilichopandikizwa mwilini? Unatumia dawa gani? Unakunywa pombe kiasi gani? Ulilala usiku uliopita? Majibu ya kweli ndiyo yanayoishusha hatari hadi kufikia kiwango kile kidogo. Na hapo ndipo sisi wa huku tunapopaswa kujitazama.

Chukua swali la degedege. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa yetu inayosumbuliwa zaidi na malaria. Malaria ikipanda kichwani kwa mtoto mdogo huleta degedege, na baadhi ya watoto wanaopona hubaki na kovu ubongoni ambalo baadaye huzaa kifafa. Katika sehemu nyingine za nchi, kama Mbulu, watafiti wameonyesha kwamba mayai ya tegu wa nguruwe nayo huwaletea watu kifafa yanapozaa viluwiluwi ndani ya ubongo. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa karibu na mwaka 1960, akawakuta watu wengi waliokuwa wakiishi kwa kufichwa na kuogopwa. Basi kijana wetu wa leo aweza kuwa alipatwa na degedege akiwa na miaka mitatu, na yeye mwenyewe asikumbuke hata kidogo. Anayekumbuka ni mama yake au bibi yake. Kama mama huyo hakuulizwa, au kama aliulizwa akanyamaza, kinga ya kwanza imekwisha kuvunjika.

Na mara nyingi hunyamaza. Katika familia nyingi kifafa ni siri ya ukoo. Watu huogopa kwamba binti hatapata mchumba. Huogopa kwamba majirani watakataa kula naye, kwa imani isiyo na msingi kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kushirikiana chombo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi twaweza kuongeza kwamba mficha degedege humweka mgonjwa wake mbele ya mashine iliyokatazwa kwake.

Chukua swali la chuma. Kuanzia miaka ya 1960 Nachingwea ilikuwa kituo kikuu cha mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Mzee aliyepitia vita vile, au mwindaji aliyewahi kupigwa na marisau ya gobore porini, aweza kuwa na kipande cha chuma kichwani ambacho hakimwumi na alikwisha kukisahau. Mbele ya sumaku yenye nguvu kipande hicho chaweza kupata joto au kusogea. Meno yaliyozibwa hayana tatizo. Lakini hereni, pini za nywele, na hata hirizi ya shingoni yenye kipande cha chuma, ni lazima vivuliwe. Huku si kudharau imani ya mtu. Ni kanuni ya usalama.

Chukua swali la pombe. Msimu wa korosho ukifika, mabibo huwa tele, na uraka hunyweka katika kila kitongoji. Wengine huendelea hadi nipa yenye makali. Mlevi wa kila siku anayeacha ghafla kwa sababu amesafiri kwenda hospitali huwa katika hatari ya degedege kwa siku kadhaa, hata bila mashine yoyote. Halafu kuna dawa. Baadhi ya dawa zitumikazo sana katika kliniki zetu, kama klopromazini kwa wazimu na amitriptilini kwa huzuni, huusogeza ubongo karibu kidogo na degedege. Hiyo haina maana kwamba mgonjwa aziache. Maana yake ni kwamba daktari wa mashine azijue, apime kipimo kinachomfaa mgonjwa huyo.

Mwisho chukua swali la usingizi, ambalo hudhaniwa kuwa dogo. Kutoka Nachingwea au Ruangwa hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Mgonjwa anayesafiri usiku kucha katika basi, akafika alfajiri na kupelekwa moja kwa moja kwenye kiti, amefikishwa pale katika hali ambayo wataalamu huiogopa, kwa kuwa kukosa usingizi nako huchochea degedege. Basi apumzishwe kwanza. Tena yakumbukwe majuma sita ya vikao vya kila siku: mgonjwa atalala wapi, atakula nini, na nani atakayemsindikiza huku shamba likiota majani?

Somo la karanga

Watu wa Nachingwea wana somo moja ambalo wengine hawana budi kujifunza kwao. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga nchini, nao wakachagua sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa hadi bara. Mashine zilikuwa imara, nazo zilikuwa zimefanya kazi mahali pengine. Lakini ardhi na mvua havikupimwa vya kutosha, na wenyeji waliozijua havikuulizwa vinywa vyao. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, na reli ile baadaye iling'olewa.

Hatusemi kwamba tiba ya sumaku itaishia hivyo. Tunasema kwamba uzuri wa mashine hauthibitishwi na mashine yenyewe. Itakapoingia katika hospitali zetu, inapasa itangulizwe na watu wenye kuijua, maswali yaliyotungwa kwa Kiswahili ambacho bibi wa Ruangwa atakielewa, na daktari anayejua kwamba mgonjwa wake ametoka katika nchi ya malaria.

Jibu letu kwa Ruangwa

Sasa tumjibu ndugu yetu aliyetuandikia. Sisi si madaktari, na hatuwezi kumpima mgonjwa kwa barua. Lakini yapo mambo ambayo twaweza kuyasema bila kusita.

Kwanza, ushahidi wenye nguvu wa tiba ya sumaku ni kwa ugonjwa wa sonona, na kwa ule wa mawazo yasiyofukuzika. Kwa mtu anayesikia sauti zikimwamrisha, uchunguzi umefanyika lakini matokeo yake yanapingana, na tiba hiyo haishiki nafasi ya dawa. Kwa hiyo dalili zilizotajwa katika barua hazilingani na mategemeo ya wazee. Ekari mbili za mikorosho ni chakula na ada ya shule ya miaka mingi. Zisiuzwe kwa ajili ya tiba ambayo haikuthibitika kwa ugonjwa huu.

Pili, mgonjwa hakushindwa na dawa. Aliziacha kwa sababu zilimletea usingizi na kutetemeka. Hayo ni madhara yanayojulikana, na mengi yana ufumbuzi: kipimo chaweza kupunguzwa, dawa yaweza kubadilishwa, na iko dawa ya kutuliza mtetemeko. Arudishwe katika hospitali ya wilaya, na aelezwe mganga mkuu au muuguzi wa akili yote yaliyotokea, bila kuficha waganga wala kamba. Ikihitajika, watampa barua ya kumpeleka Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au mbele zaidi hadi Muhimbili au Mirembe. Mwenye shida ya fedha aiulize ofisi ya ustawi wa jamii iliyoko hospitalini, kwani ndiyo inayoshughulikia maombi ya msamaha wa gharama.

Tatu, mama wa kijana huyo aulizwe leo, kwa upole na faraghani, kama mtoto wake aliwahi kupatwa na degedege utotoni. Jibu lake liandikwe katika daftari la kliniki. Litamfaa daktari hata kama mgonjwa hataiona mashine ya sumaku maisha yake yote.

Nne, kamba. Tunajua kwamba jamaa hawakumfunga kwa chuki. Walimfunga kwa hofu, usiku, bila mtu wa kuwasaidia. Lakini kamba huharibu mishipa ya mikono, na humfundisha mgonjwa kwamba nyumbani kwao ni gerezani. Akizidiwa tena na kuwa hatari kwake au kwa wengine, jirani mwenye pikipiki na mjumbe wa nyumba kumi waitwe, apelekwe hospitali usiku uleule.

Jihadharini na sumaku za bandia

Liko jambo moja zaidi. Habari njema ikienea, matapeli huifuata kama inzi wafuatavyo mabibo. Mijini kuna watu wanaouza bangili za sumaku, mikanda ya sumaku na godoro za sumaku, wakidai kwamba vinatibu kichaa, shinikizo la damu na ugumba kwa pamoja. Wengine humpa mtu kijiti cha chuma akishike mkononi, kisha mashine ikatoa orodha ya magonjwa ya mwili mzima, na papo hapo wakamuuzia dawa za magonjwa hayo. Vitu hivyo havina uhusiano wowote na tiba tuliyoieleza hapa. Sumaku ya bangili imetulia, haibadiliki. Haiwezi kuzusha umeme katika ubongo hata ukiivaa mwaka mzima.

Njia ya kuwatambua ni kuwahesabia maswali. Anayekupokea bila kukuuliza habari za kifafa, za chuma, za dawa, za pombe na za usingizi, huyo hana ujuzi wa tiba ya sumaku, au hajali litakalokupata. Anayekuambia uache kwanza dawa za hospitali, mkimbie. Anayekuahidi kupona kwa kikao kimoja anakudanganya, kwani hata wenye mashine za kweli huomba majuma manne hadi sita, nao hawaahidi. Daktari wa kweli atakueleza pia nani yuko tayari chumbani iwapo degedege itatokea, na afanye nini.

Nanyi mlio na mgonjwa wa sonona nyumbani, yule asiyepiga kelele wala kurusha mawe bali analala akiutazama ukuta, msimsahau kwa kuwa hasumbui. Huzuni hiyo huua. Akianza kusema kwamba ni heri asingezaliwa, au akigawa vitu vyake bila sababu, msimwache peke yake, viuatilifu vya mikorosho viwekwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa wagonjwa wa namna hiyo ambao dawa na mazungumzo vimeshindikana, tiba ya sumaku ni tumaini la haki, na twaweza kuidai iletwe katika hospitali zetu za rufaa pamoja na watu wa kuiendesha.

Hapo kale nchi yetu ilifikia uamuzi kwamba mgonjwa wa akili hatibiwi kwa kufungiwa tu. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 vilikuwapo vijiji vya kilimo, kama kile cha Hombolo mkoani Dodoma, ambako wagonjwa walilima, walikula walichokivuna na kuishi na watu. Hekima ile haijachakaa. Mashine yoyote itakayokuja, ya sumaku au ya namna nyingine, itampa mgonjwa nusu ya anachokihitaji. Nusu ya pili ni kazi ya mikono yake, sahani yake mezani pamoja na wengine, na mtu wa kumkumbusha kidonge cha jioni.

Tukutane tena Jumapili ijayo, panapo majaliwa.